Injini Iliyozibwa Pumzi

Gari langu la tabo lilipoanza kuvuja oili, sili ya krenki ilibadilishwa mara mbili katika muda wa mwezi mmoja, nami nikalipa mara mbili, hata siku fundi mmoja wa hapa Nshambya, mtu mpole asiyependa maneno mengi, alipofungua kifuniko cha oili injini ikinguruma, akaweka karatasi juu ya tundu lile, nayo ikarushwa mithili ya unyoya. "Mwalimu," akasema, "sili haina kosa. Gari limezibwa pua."

Ringi za pistoni, hata zikiwa mpya, hazizuii gesi yote. Kila mripuko huachia sehemu yake ipenye kando ya pistoni na kushuka hadi kwenye sampu, ambako huchanganyika na mvuke wa oili na unyevu. Tabo hushindilia hewa kwa nguvu, basi gesi ipenyayo nayo huzidi, na ikikosa njia hutokea palipo dhaifu, ambapo aghalabu ni penye sili. Aliyepata kukaza kifuniko cha jerikani la rubisi, pombe yetu ya ndizi, lingali likichachuka hana haja ya maelezo zaidi.

Zamani bomba la kutolea mvuke huo liliachwa likining'inia chini ya gari, likitema mvuke barabarani. Mnamo 1961 magari mapya ya California, ambako ukungu wa moshi uliwataabisha watu wa Los Angeles, yalianza kufungwa vali ya kurudisha mvuke ule kwenye manifodi ya kuingizia hewa, ukaungue pamoja na petroli. Kwa injini ya tabo jambo hili lina utata: dereva akilegeza mguu, manifodi hufyonza, akikanyaga kupanda mlima, tabo huijaza shinikizo, na vali sharti ijifunge mara moja, ili mvuke upitie mpira wa pili uendao kwenye mdomo wa tabo, ambako hewa ingali ikifyonzwa. Kwangu vali iliganda kwa tope jeusi, na mpira wa pili, ambao mtu fulani alikuwa ameubadilisha kwa ule wa kumwagilia bustani, ulilainika kwa oili ukawa bapa kabisa.

Mvuke ukizidi, oili hutanda katika intakula inayopoza hewa ya tabo, na injini ya petroli huanza kugonga. Ya dizeli ina hatari kubwa zaidi, kwa kuwa oili kwake ni chakula: ikinywa nyingi huweza kukimbia yenyewe, ufunguo umezimwa, hadi ivunjike, isipokuwa izibwe hewa.

Hivyo wengine hufunga kopo la kunasia oili njiani. Hikima yake ni ile ile ya enkonyagi, pombe kali ya kukeneka, ambayo mvuke wake hupitishwa mahali pa baridi ukawa majimaji. Sheria imeiharamisha, nami naeleza kwa niliyoyasikia tu. Kopo lisilo na wavu wala vizuizi ndani ni pambo. Katika mvua zetu, na safari fupi za sokoni zisizopasha injini moto vya kutosha, hukusanya kitu cheupecheupe kama uji, nusu maji, kinachohitaji kumwagwa mara kwa mara, wala kisimwagwe mtaroni, kwani maji ya mitaro huishia mto Kanoni, na Kanoni huishia ziwani.

Vali mpya na mpira wa haki vilipofungwa, karatasi ile ile ilivutwa ikashikamana na tundu, na sili ya pili, niliyokwisha kuilaani, iko mahali pake hadi leo.