Mashine ya kulainisha maji huokoa hita, lakini haiondoi chumvi

Katika mwezi mmoja nimeulizwa swali lile lile na watu wawili walio mbali kabisa. Wa kwanza ni shemeji yangu anayeishi Muhoroni, kaunti ya Kisumu, alikoolewa dada yangu. Wa pili ni jirani wa zamani aliyehamia Kisauni na kuchimba kisima. Wote wawili wanataka kununua mashine ya kulainisha maji ili vyombo vyao vya stima visife mapema. Nilimwambia shemeji anunue. Yule wa Kisauni nilimsihi asinunue, akanuna, akasema nampendelea mtu wa bara.

Nianze na Muhoroni. Mgeni akifika huko huona miwa na moshi wa kiwanda cha sukari, akadhani ardhi yote ni udongo mweusi tu. Lakini hapo jirani, Koru, kuna vilima vya mawe ya chokaa, na kampuni ya Homa Lime imechimba na kuchoma chokaa huko kwa miaka mingi. Sisi wa Pwani chokaa si kitu kigeni. Nyumba za Mji wa Kale na za Lamu zimejengwa kwa matumbawe, na chokaa yake ilitoka kwenye matumbawe hayo hayo yaliyochomwa. Jiwe la Koru lilitoka kwenye volkano na letu limetoka baharini, lakini sehemu kubwa ya yote mawili ni kitu kimoja, kalsiamu kaboneti.

Mvua inaponyesha, maji hushuka kwenye udongo, hubeba hewa ya kaboni na kuwa na ukali kidogo. Yakipita kwenye jiwe la chokaa huliyeyusha na kuondoka nalo. Hayo ndiyo maji magumu: yana kalsiamu na magnesiamu nyingi. Ukiyaonja huwezi kujua, pengine hata ni matamu. Utayajua ukifua, maana sabuni haitoi povu, inaganda kama maziwa yaliyokatika. Na utayajua ukiyachemsha. Moto huifanya ile chokaa iachane na maji na kushika pale penye joto kuliko kote, yaani kwenye koili ya birika la stima, ya hita au ya mashine ya kufulia.

Birika la dada yangu ndani lilikuwa jeupe kama ukuta uliopakwa chokaa. Alikuwa ameshabadilisha koili ya hita mara mbili. Maji yao ni ya kisima. Wenzao wa mjini Kisumu wanaopata maji ya ziwa hawana taabu hii, kwa kuwa maji ya Ziwa Victoria ni laini.

Sasa mashine yenyewe. Ni tangi lililojaa punje ndogo za resini, na punje hizo zimebeba sodiamu. Maji magumu yakipita, punje hukamata kalsiamu na magnesiamu na kuachia sodiamu badala yake. Baada ya siku kadhaa punje hujaa. Hapo mashine hujisafisha kwa maji ya chumvi kali kutoka kwenye pipa la pembeni, chokaa yote hutupwa nje, na kazi huanza upya. Chumvi ikiisha kwenye pipa na usiongeze, umebaki na tangi la mapambo.

Faida kwa vyombo ni ya kweli. Koili iliyovishwa chokaa haiwezi kutoa joto lake upesi, kwa hiyo yenyewe huzidi kuwa moto hadi inakatika. Maji yakilainishwa, chokaa mpya haigandi. Matundu ya shawa hayazibi, mabomba ya hita ya sola hayajai, na mashine ya kufulia inahitaji sabuni kidogo. Tena upunguze hasa, la sivyo povu litafurika na nguo zitatoka na utelezi.

Wauzaji lakini hupenda kuongeza kwamba bili ya stima itashuka nusu. Hapo nasita. Koili iliyozama ndani ya maji, hata ikiwa na ukoko, joto lake karibu lote huishia kwenye maji hayo hayo, halina pengine pa kwenda. Utafiti wa taasisi ya Battelle ya Marekani, wa mwaka 2009, uliolipiwa na wakfu wa sekta yenyewe ya mashine hizi, uliona kwamba hita za gesi hupoteza ufanisi zikishika chokaa, lakini za stima zilibaki karibu pale pale. Unachookoa kwenye hita ya stima ni koili na gharama ya fundi. Hiyo si kidogo, lakini si nusu ya bili.

Kuna vyombo ambavyo maji haya hayavifai. Pasi ya mvuke ni mojawapo, kwani sodiamu haitoki na mvuke, hubaki ndani na baadaye hutema madoa juu ya kanzu nyeupe. Betri za sola za kuongezwa maji nazo zinataka maji yaliyotoneshwa, si yaliyolainishwa. Wala usimwagilie mchicha kwa maji hayo, achilia mbali yale ya kusafishia punje, ambayo lazima yaelekezwe kwenye mtaro.

Narudi Kisauni, maana hapa ndipo penye hatari. Kisima cha jirani yangu kina maji ya chumvi, ukisukutua unajua. Chumvi hiyo ni sodiamu na kloridi. Mashine ya kulainisha haigusi kloridi, na sodiamu ndiyo inayoongeza. Maji yataingia na chumvi na kutoka na chumvi, na punje zenyewe hufanya kazi vibaya zikikutana na chumvi nyingi. Hita na mabomba yataendelea kuliwa na kutu. Kinachoondoa chumvi ni mashine ya RO, aina ile inayotumika kwenye vibanda vya kuuzia maji.

Kilichonitisha ni shawa. Zile shawa za stima za kupasha maji papo hapo huuzwa za aina mbili, ya maji baridi na ya maji ya chumvi. Ile ya maji baridi ni rahisi kwa bei, na koili yake iko wazi ndani ya maji. Ya maji ya chumvi koili yake imefunikwa, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha stima vizuri mno. Fundi alimwambia jirani yangu kwamba akishafunga mashine ya kulainisha atumie shawa ya kawaida, kwani maji yatakuwa "yamesafishwa". Mtu angesimama chini ya shawa ile, miguu imelowa, na maji yana chumvi ile ile ya jana. Nilimwambia hiyo shawa asiifunge hata akipewa bure, na hiyo nyingine pia isifungwe bila waya wa ardhini uliopimwa.

Njia ya kujua una maji gani ni kuyapeleka maabara na kuomba vipimo viwili: ugumu na kloridi. Ugumu ukizidi miligramu 180 kwa lita, hayo ni magumu sana. Ukiwa chini ya 60, usipoteze pesa zako. Kile kidude cha TDS ambacho wauzaji hutumbukiza kwenye glasi hakitenganishi chokaa na chumvi. Jaribu kupima maji kabla na baada ya kulainishwa, namba itakuwa karibu ile ile.

Maji ya shemeji yalikuwa na ugumu wa karibu 300 na kloridi kidogo. Kwa kipimo hicho, kila lita iliyolainishwa huongezewa miligramu 138 hivi za sodiamu. Mama mkwe wa dada yangu ana presha, kwa hiyo fundi aliuacha mfereji wa jikoni nje ya mashine. Birika la chai basi litaendelea kushika chokaa. Hilo halihitaji mashine: kamua ndimu mbili tatu, jaza maji, chemsha, liache saa moja, suuza. Kwa asiyeweza bei ya mashine, mvua ya Muhoroni si haba, na maji ya mabati hayana chokaa kabisa. Ya kufulia na ya hita yanaweza kutoka hapo miezi mingi ya mwaka.

Chumvi ya pipa ni ile ya mawe iliyo safi, isiyo na mchanga. Shemeji aliniuliza ataipata wapi huko kwenye miwa. Nikamwambia asome gunia dukani, huenda ikawa imetoka kwetu, Gongoni au Marereni.