Kupaka Rangi Pikipiki Nyumbani: Lipi Ufanye Mwenyewe, Lipi Umwachie Fundi

Fedha za korosho zinapoanza kuingia, wamiliki wa pikipiki wa Nachingwea na Ruangwa hupata nafasi ya kuvitengeneza vyombo vilivyochakazwa na vumbi jekundu na mizigo ya mashambani. Wapo wanaoamua kupaka rangi wenyewe, uani, kwa makopo ya kupuliza, bila chumba maalumu cha kupulizia. Jambo hilo linawezekana. Hata hivyo, si kila sehemu ya pikipiki inafaa kupakwa kwa njia hiyo, na mtumiaji asiyelijua hilo huweza kupoteza fedha zake, hata afya yake.

Tangi la mafuta mwachie fundi

Rangi ya kawaida ya kopo la kupuliza hukauka kwa thina yake kupotelea hewani. Haina kigumishi, ambacho mafundi hukiita hadina. Kwa sababu hiyo, petroli inayodondoka wakati wa kujaza mafuta huilainisha, ikavimba na kubanduka kuanzia kwenye mdomo wa tangi. Kazi ya siku tatu huweza kuharibika siku ya kwanza kituoni.

Rangi inayostahimili petroli ni ile inayochanganywa na hadina. Lakini hadina nyingi za rangi za magari zina kemikali ziitwazo isosianeti. Ukungu wake ukivutwa huweza kusababisha pumu, na mtu aliyekwisha kudhurika huweza kubanwa na pumzi hata akikutana na kiasi kidogo tu. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii kemikali hizo. Tunashauri usinunue rangi ya aina hiyo kwa ajili ya kupuliza nyumbani.

Unapompelekea fundi tangi, muulize kama atatumia hadina na kama ana vifaa vya kujikinga. Kisha mwandikiane bei na siku ya kukabidhi. Kumbuka kwamba tangi lililomwagwa mafuta bado lina mvuke unaoweza kulipuka. Usiliweke karibu na jiko wala mtu anayevuta sigara.

Sehemu unazoweza kupaka mwenyewe

Madigadi, vifuniko vya pembeni na keria ya mizigo vinafaa kwa anayeanza, kwa kuwa hufunguliwa kwa urahisi na havikutani na petroli mara kwa mara. Usipake diski za breki, mnyororo, taa, viakisi mwanga, kibao cha namba, wala mahali palipogongwa namba ya fremu na ya injini.

1. Fungua sehemu hizo, uzioshe kwa maji na sabuni hadi grisi na vumbi viishe.
2. Sugua kwa msasa wa maji, kwanza namba 400, kisha namba 600. Rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru zaidi watoto. Kuisugua ikiwa imelowa huzuia vumbi hilo kuruka. Maji hayo yasimwagwe karibu na kisima.
3. Ziba kwa selotepu ya karatasi na gazeti mahali pasipotakiwa rangi.
4. Puliza praima. Plastiki huhitaji praima yake maalumu; bila hiyo rangi hubanduka kama ganda.
5. Puliza rangi kutoka umbali wa sentimita 20 hadi 30, kwa tabaka nyembamba tatu au nne. Kati ya tabaka moja na jingine subiri muda ulioandikwa kwenye kopo. Tabaka nene hutiririka.
6. Malizia kwa klia, kisha acha sehemu hizo kivulini angalau saa 24 kabla ya kuzifunga.

Uwanja badala ya chumba maalumu

Chagua asubuhi isiyo na upepo, umande ukiwa umekwisha kukauka. Nyunyizia ardhi maji ili vumbi litulie, na uwe mbali na barabara. Ikiwa mvua imetanda, ahirisha. Unyevu huifanya klia iwe na ukungu mweupe. Usipulize ndani ya chumba wala jikoni. Vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke, miwani na glavu, na watoto wawe mbali. Vitambaa vyenye thina vianikwe nje, mbali na moto.

Unaponunua

Soma lebo: jina la mtengenezaji, tarehe ya mwisho ya matumizi, alama ya ubora ya TBS na maelezo ya matumizi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira linapendekeza madini ya risasi katika rangi yasizidi sehemu 90 kwa milioni. Ulizia rangi isiyo na madini hayo. Nunua makopo yote kwa pamoja, yenye namba moja ya toleo. Kopo la Nachingwea na lile utakaloliongezea Ruangwa huweza kutofautiana, ingawa jina la rangi ni moja. Jaribu kwanza kwenye kipande cha bati.

Ukibadili rangi ya chombo

Kadi ya usajili wa pikipiki hutaja rangi yake. Kama unakusudia kutoka nyekundu kwenda buluu, wasiliana na TRA ili taarifa zirekebishwe, usije ukapata usumbufu unapokaguliwa barabarani.

Haki yako

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi kuhusu ubora wa bidhaa. Dai risiti na uitunze pamoja na kopo lenyewe, hata likiwa tupu, na picha za kazi iliyoharibika. Anza kwa kurudi dukani. Muuzaji akikataa kukusikiliza, tuletee malalamiko pamoja na vielelezo hivyo. Bila risiti wala kopo, ni vigumu kwetu kuthibitisha ulichouziwa.