Utu na Wajibu wa Mtafiti Nyanjani: Mfano wa Kisii na Nyamira

Maadili ya utafiti wa nyanjani hujadiliwa mara nyingi kana kwamba ni suala la hati tu: kibali cha serikali, kitolewacho nchini Kenya kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2013, pamoja na sahihi ya mhojiwa. Hati hizo ni za lazima, lakini hazitoshi. Mfano wa Wagusii wa Kisii na Nyamira wabainisha jambo hili.

Kwanza, kuna suala la lugha. Katika Kiswahili, kitenzi kuhoji hutumika pia kwa polisi na mshukiwa wake. Hivyo mtafiti ajitambulishaye kuwa amekuja kuhoji huanza kwa kutia hofu. Hata Ekegusii pekee haitatui tatizo. Robert na Barbara LeVine, waliofanya utafiti huko kati ya 1955 na 1957, walieleza juu ya chinsoni, yaani kanuni za haya na heshima baina ya kizazi cha wazazi na cha watoto. Msaidizi kijana aliyezaliwa kijijini humo ni mwana wa kila mama wa rika la mamaye. Akimwuliza mmoja wao habari za uzazi, humvunjia heshima, ingawa sahihi imekwisha kutiwa.

Pili, kuna usalama. Mwezi Mei 2008 watu 11 waliuawa Kisii kwa tuhuma za uchawi; Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa Marani kwa tuhuma kama hizo. Ajuza atembelewapo mara tatu na mgeni mwenye daftari, majirani huuliza: kwa nini yeye? Kulificha jina lake katika tasnifu hakumkingi, kwani wawezao kumdhuru hawasomi tasnifu. Wao wamemwona mgeni akiingia kwake. Yafaa basi mtafiti azuru nyumba zote za mtaa, na awe tayari kuliacha swali lake kuu.

Tatu, Wagusii wanayo egesangio, kikundi cha majirani walimao shamba la kila mmoja kwa zamu. Asiyelima kwa wenzake hatarajii kulimiwa. Mtafiti naye amekwisha kulimiwa: amepewa maneno, muda na imani. Zamu yake haimaliziki kwa kutunukiwa shahada. Humalizika arudipo kuwaeleza wenyeji alichoandika, na kuwasikiliza wakimsahihisha.