Mkengeuko wa Sayari: Neno Moja kwa Dhana Moja

Katika makala haya tunakusudia kujadili istilahi moja tu, nayo ni ile inayoitwa na Waingereza deklinesheni. Mfasiri hukutana nayo afunguapo programu ya kompyuta ya unajimu. Mwalimu wa jiografia huihitaji aelezapo kwa nini jua halipiti mahali pamoja mwaka mzima. Mtayarishaji wa ratiba za sala naye haiepuki, maana nyakati za alfajiri na alasiri hazikokotolewi pasipo kipimo hicho. Iwapo kila mmoja wao ataachiwa atafsiri apendavyo, tutakuwa na maneno matatu kwa dhana moja, na mwanafunzi atadhani kwamba amefundishwa mambo matatu.

Tuanze na dhana yenyewe. Ikweta ya dunia ikipanuliwa kwa mawazo mpaka ifike mbinguni, tunapata duara kubwa ambalo ndilo ikweta ya anga. Umbali wa jua, mwezi au sayari kutoka duara hilo, ukipimwa kwa nyuzi kuelekea kaskazini au kusini, ndio deklinesheni yake. Jua lina sifuri mnamo tarehe 20 Machi. Hufika takriban nyuzi 23 na dakika 26 kaskazini mnamo tarehe 21 Juni. Hurudi kwenye sifuri mnamo tarehe 22 au 23 Septemba. Kisha hufika kiasi kile kile kusini mnamo tarehe 21 Desemba. Sababu yake ni kwamba mhimili wa dunia umeinama kwa kiasi hicho hicho.

Zamani hesabu hizi zilitafutwa katika majedwali yaliyochapwa. Siku hizi zimo katika programu za kompyuta, na aghalabu zilizo rahisi kupatikana ni zile zilizotungwa kwa ajili ya wanajimu. Mfano mmoja ni Astrolog, programu ya bure ya Walter Pullen iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Mfano mwingine ni Swiss Ephemeris, iliyotolewa mwaka 1997 na kampuni ya Astrodienst ya Uswisi, ambayo hesabu zake zimetokana na zile za maabara ya Marekani inayoongoza vyombo vya angani. Hapa hatuna budi kutenganisha mambo mawili. Unajimu, kwa maana iliyozoeleka nchini hasa kutokana na utabiri wa marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki mwaka 2011, ni kubashiri mambo ya watu kwa nyota. Astronomia ni sayansi ya kupima na kueleza mienendo ya vitu vya angani. Mwalimu anaweza kutumia chombo cha wanajimu bila ya kukubali utabiri wao, kwa kuwa kipimo cha mahali pa sayari ni kile kile kwa wote wawili.

Programu hizo huweza kuchora chati ya deklinesheni kwa muda wa mwezi, mwaka au karne. Mstari wa ulalo huonyesha tarehe. Mstari wa wima huonyesha nyuzi, kaskazini ikiwa juu na kusini ikiwa chini, mara nyingi kwa alama ya kutoa. Jua huchora wimbi laini lirudialo kila mwaka. Mwezi huchora mawimbi ya haraka, moja kwa kila siku 27 hivi. Zohali, ambayo huchukua zaidi ya miaka 29 kulizunguka jua, huchora mstari upandao na kushuka polepole mno.

Tuchukue mfano wa Morogoro. Mji huo uko latitudo ya karibu nyuzi 6 na dakika 49 kusini. Mwanafunzi akichora mstari ulionyooka kwenye kiwango hicho katika chati ya jua, ataona kwamba mstari unalikata wimbi mara mbili kwa mwaka: mnamo tarehe 3 Machi na mnamo tarehe 10 Oktoba. Siku hizo jua la adhuhuri huwa utosini hasa, na fimbo iliyosimamishwa wima haina kivuli. Saa ya tukio hilo si saa sita kamili: mwezi Machi ni karibu saa 6 na dakika 40 mchana, na mwezi Oktoba ni karibu saa 6 na robo. Kuanzia Oktoba hadi mwanzo wa Machi jua la adhuhuri huelemea kusini, yaani upande wa Milima ya Uluguru iliyouinamia mji. Miezi iliyobaki huelemea kaskazini, upande wa Dakawa. Mkulima wa Uluguru atatambua pia kwamba siku hizo mbili zinatangulia vuli na masika. Hilo si jambo la bahati, kwa sababu ukanda wa mvua za ikweta hulifuata jua kwa kuchelewa kidogo.

Mfano wa pili unahusu kibla. Makka iko latitudo ya karibu nyuzi 21 na dakika 25 kaskazini. Jua hufika kiwango hicho mnamo tarehe 28 Mei na tarehe 16 Julai, na huwa juu ya Al-Kaaba karibu saa 6.18 mchana siku ya kwanza na saa 6.27 siku ya pili, kwa saa za Saudia ambazo ndizo saa zetu. Wakati huo mtu wa Morogoro akilielekea jua ameelekea kibla. Haya yote yamo katika chati moja, ili mradi msomaji ajue ni safu ipi asome.

Na hapo ndipo ilipo hatari ya tafsiri mbaya. Katika programu hizo kila sayari huandikiwa longitudo, latitudo na deklinesheni katika safu zinazofuatana. Latitudo ya hapo haipimwi kutoka ikweta bali kutoka njia ya jua. Kwa hiyo mfasiri akiita deklinesheni "latitudo ya anga", kama inavyovutia kufanya, atakuwa na safu mbili zenye jina moja. Mwanafunzi atakayesoma safu isiyo yake ataona kwamba jua lina sifuri mwaka mzima, na siku ya fimbo isiyo na kivuli hataipata kamwe. Mwanzoni mwa mwezi Mei 2020 deklinesheni ya Zuhura ilizidi nyuzi 27 kaskazini, hali latitudo yake kutoka njia ya jua haikufika hata nyuzi 6.

Tumeyapima maneno mengine pia. Waarabu husema "mayl". Neno hilo likiswahilishwa litakuwa "maili", nasi tayari tunapimia barabara kwa maili. "Mwinamo" ni neno zuri, lakini linahitajika kwa kuinama kwa mhimili wa dunia na kwa kuinama kwa njia za sayari. Tukilitumia hapa, sentensi moja itakuwa na miinamo mitatu. "Mchepuko" lina maana inayofaa, ila mwalimu yeyote anajua darasa litakavyocheka akisema kwamba jua lina mchepuko. Limebaki "mkengeuko". Ni kweli kwamba hutumiwa pia kwa tabia iliyopotoka. Hata hivyo maana yake ya msingi ni kuiacha njia na kwenda kando, na ndivyo sayari ifanyavyo kwa ikweta. Likifungwa kwa neno "ikweta", haliwezi kueleweka vingine.

Tahadhari ya mwisho yahusu majina ya sayari. Baadhi ya vitabu vya shule vimewahi kuiita Neptuni kwa jina la Kausi, ambalo ni jina la buruji. Katika chati ya mtu aliyezaliwa mwaka 1975 Neptuni imo katika buruji ya Kausi. Programu iliyotafsiriwa kwa kufuata vitabu hivyo itaandika "Kausi katika Kausi". Jina la buruji libaki kwa buruji.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi zifuatazo:

Mkengeuko wa ikweta (kwa ufupi, mkengeuko): umbali wa kitu cha angani kutoka ikweta ya anga, kwa nyuzi. Tuandike mkengeuko wa kaskazini au wa kusini, wala si "wa kaskazi" au "wa kusi". Hizo ni pepo, na kaskazi huvuma jua likiwa kusini.

Latitudo ya njia ya jua: umbali wa kitu cha angani kutoka njia ya jua.

Mwinamo wa mhimili: pembe ya kuinama kwa mhimili wa dunia.

Dakika ya pembe: sehemu moja ya 60 ya uzi mmoja wa pembe, isichanganywe na dakika ya saa.

Kuvuka mpaka wa jua: hali ya sayari au mwezi kuwa na mkengeuko unaozidi ule mkubwa kabisa wa jua. Mwezi ulifanya hivyo mara kwa mara mwaka 2024 na 2025, ulipopita nyuzi 28; mwaka 2015 haukufanya, kwa kuwa ulikomea kwenye nyuzi 18 hivi.

Mikengeuko sawia: hali ya vitu viwili kuwa na mkengeuko wa kiasi kimoja upande mmoja wa ikweta. Vikiwa pande mbili tofauti, ni mikengeuko kinzani.

Tunawaomba walimu wayajaribu maneno haya darasani, na wafasiri wayatie katika kazi zao, kisha watuandikie. Fimbo moja na chati moja vitatosha kuonyesha iwapo neno limeeleweka: mwanafunzi aliyelielewa ataitaja siku ya kukosa kivuli kabla haijafika.