Mafuriko: Misri yaliwatajirisha, Kano yanatuhamisha

Ukipita Ahero kwa matatu ukielekea Kisumu, angalia mashamba ya mpunga kando ya barabara. Udongo ule mweusi umeletwa na mafuriko ya Mto Nyando miaka nenda miaka rudi. Ndiyo maana mradi wa Ahero wa kunyunyizia mashamba maji ulianzishwa hapo miaka ya 1960.

Maji ya Nyando huingia Ziwa Victoria, yakatokea Jinja kama Mto Nile, na mengine hufika hadi Misri. Huko nako watu wa kale waliishi kwa mafuriko. Mto ulifurika, ukaacha matope yenye rutuba, wakapanda ngano na shayiri. Msimu wa kwanza wa mwaka wao uliitwa Akhet, yaani mafuriko.

Mbona basi wao walitajirika, na jamaa zetu wa Kano wanahamia madarasani kila masika? Jibu liko kwa ramani. Mvua iliyofurisha Nile ilinyesha mbali, milima ya Ethiopia, na maji yakafika Misri kati ya Julai na Septemba, karibu kama kalenda. Makarani walipima kina kwenye ngazi za mawe, wakakadiria mavuno na kodi.

Nyando ni mfupi, hauna subira hiyo. Mvua ikipiga Nandi na Kericho jioni, Kano inaweza kuamkia maji mlangoni. Na uwanda wenyewe ni tambarare kama sahani, maji yakiingia hayatoki haraka.

Kwa hivyo hadithi za bwawa la Koru-Soin zisikuchoshe. Wakulima wa Ahero wanataka tu kujua maji yanakuja lini.