Programu huria si rekodi huria

Mgonjwa anayetumia dawa za kupunguza makali ya Ukimwi mjini Kitale, au Webuye katika Kaunti ya Bungoma, ana haki ya kuuliza: ni nani awezaye kusoma rekodi zangu?

Mpango wa AMPATH, uliofungua kliniki katika miji hiyo, ulianza mwaka wa 2006 kuhifadhi rekodi katika tarakilishi kwa OpenMRS, programu huria ambayo maagizo yanayoiendesha yako wazi kwa yeyote kuyasoma.

Je, siri za wagonjwa pia zi wazi? La. Ajuaye kufuli linavyoundwa hana ufunguo wa mlango wako. Isitoshe, macho mengi hufichua kasoro: mwaka wa 2024, mhandisi Andres Freund aligundua mlango wa siri uliopenyezwa katika programu huria ya XZ, kabla haujaenea.

Hata hivyo, uwazi pekee si ulinzi. Kasoro inapotangazwa, wadukuzi nao husikia. Kliniki inayochelewa kuweka toleo jipya hubaki hatarini. Na neno la siri likibandikwa ukutani, hakuna programu itakayomsitiri mgonjwa.