Mfumo Endeshi Ujengwao kwa Amri Moja

Miongoni mwa mafundi wa kompyuta wa zama zetu wamo wasioridhika kupokea mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayokitawala chombo kizima na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi, ukiwa umekwisha kutayarishwa na mikono wasiyoijua. Bali hutaka kuujenga wenyewe tangu maandishi yake ya asili, kifurushi baada ya kifurushi, hata wakijue kila kilichomo na sababu ya kuwamo kwake. Kitabu mashuhuri cha fani hiyo, Linux From Scratch, kilianzishwa na Gerard Beekmans mwaka 1999, na hadi leo hutolewa bure kwa kila akitakaye.

Kazi yenyewe ni ndefu na ina adha. Vifurushi vya maandishi hayo ni zaidi ya 70, na haviwezi kugeuzwa kuwa lugha ya mashine kwa mpango wowote ule. Mwanzoni hujengwa kompaila ya muda, ambayo ndiyo programu ya kugeuza maandishi. Kwa kompaila hiyo hutengenezwa zana chache. Kisha fundi huingia katika eneo lililofungwa ndani ya diski, ambamo mfumo wa zamani, ule ambamo ujenzi ulianzia, hauonekani kabisa, na humo huijenga kompaila upya pamoja na vyote vilivyosalia. Marudio hayo si taabu ya bure, kwa maana pasipo hayo masalia ya mfumo wa kale yangepenya katika mpya, na yule aliyedhani kwamba amejenga nyumba yake angekuwa anaishi bado katika ya jirani.

Ili kazi hiyo ndefu ijiendeshe yenyewe, ndipo ilipozaliwa jhalfs, programu ambayo hikima yake yanistaajabisha kila niikumbukapo. Haikuandikiwa orodha ya amri. Hukisoma kitabu chenyewe, ikazitoa amri zilizomo kurasani, ikaiwekea kila hatua faili lake, kisha ikaandika utaratibu wa kuzifuata kwa ajili ya make, chombo alichokibuni Stuart Feldman katika maabara ya Bell mwaka 1976. Kitabu kikisahihishwa, ujenzi nao husahihika. Kila hatua ikitimia huacha alama. Ikishindikana, kazi yote husimama hapo hapo, na fundi husoma katika kumbukumbu ni wapi palipoharibika.

Alama hizo ndizo zinazonifanya niifikirie Mantapala. Makazi haya ya wakimbizi, wilayani Nchelenge nchini Zambia, karibu na Ziwa Mweru, yalifunguliwa mwaka 2018 kwa ajili ya Wakongo waliovuka mpaka wakiyakimbia mapigano, na humo Kiswahili walichokuja nacho hukutana na Kibemba cha wenyeji. Kijana wa huko mwenye kompyuta kuukuu na umeme wa paneli ya jua aweza kuletewa vifurushi vyote, ambavyo ni kama nusu gigabaiti, katika flashi iliyotoka Lusaka. Ataulinganisha utambulisho wa kila faili na ule ulioandikwa katika orodha, apate yakini kwamba hakuna lililoharibika njiani. Na tangu hapo hahitaji intaneti. Betri ikimwishia usiku ilhali glibc, maktaba ambayo takriban programu zote huitegemea, ingali katikati, vilivyotangulia havipotei: jua likipanda atatoa amri ile ile ya make, nayo itazipita hatua zenye alama na kuianza upya ile moja iliyokatika. Mtu anayejenga kwa mkono, akiwa amechoka, aghalabu hakumbuki alipofikia.

Kitabu hakitaji saa za ujenzi, kwani mashine hazilingani. Hupima muda wa kukijenga kifurushi cha kwanza, binutils, na kuufanya kuwa kipimo cha vyote. Kompaila ya GCC, pamoja na majaribio yake, huchukua makumi ya vipimo hivyo. Mwenye mashine dhaifu, akikipima hicho cha kwanza, aweza kukadiria siku zake kabla ya kuanza.

Hata hivyo wenye kitabu huwausia wanaoanza wajenge kwanza kwa mkono, nami naafikiana nao kwa dhati, maana asiyepata kuandika amri mwenyewe hataielewa ile kumbukumbu siku kazi itakaposimama. Akishajua, ndipo ayabadili maandishi ya jhalfs kwa haja yake. Ndani ya glibc, kwa mfano, zimo kanuni za lugha nyingi, na miongoni mwazo bem_ZM ya Kibemba cha Zambia na sw_TZ ya Kiswahili cha Tanzania, zenye majina ya siku na miezi. Kwa mistari miwili ya localedef, amri ya kuziweka kanuni hizo, ikiongezwa mahali pake, kila kompyuta itakayojengwa baadaye kwa utaratibu huo itaweza kuonyesha tarehe kwa lugha zote mbili, wala hapana atakayelazimika kukumbuka kuziweka.